Mdogo wangu amebadilishiwa dawa ya unyogovu mara tatu. Sasa tunaambiwa apimwe jeni. Tulipe?

#1 DadaMkubwa_Umoja
Salaam wadau. Mdogo wangu wa kiume, miaka 27, anaugua unyogovu tangu Machi mwaka jana. Tulimwita mvivu kwa miezi miwili kumbe mtoto wa watu anaumwa, na hilo bado linanichoma. Katikati ya mwaka jana alianzishiwa fluoksetini. Wiki ya pili akawa halali, anazunguka sebuleni usiku kucha kama bawabu, anazungumza bila kituo. Ikatolewa. Akapewa amitriptilini: akalala, lakini akawa wa kulala tu, mdomo umemkauka, kila akisimama anashika ukuta. Ikatolewa baada ya mwezi. Sasa yuko kwa sertralini tangu Februari, huu ni mwezi wake wa tatu, dozi imepandishwa mara mbili, na ni kama anakunywa maji. Haimdhuru, haimsaidii.

Wiki iliyopita daktari wa kliniki moja ya kibinafsi alituambia kuna kipimo cha jeni. Unapanguswa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, sampuli inapelekwa ng'ambo, na baada ya wiki kadhaa linarudi jedwali la rangi: dawa za kijani, za manjano, za nyekundu. Bei yake inapita mshahara wangu wa mwezi, na mimi ndiye mwenye kodi ya nyumba na karo ya mtoto. Nikikopa kwenye chama nitapata. Swali langu: kipimo hiki kinasema kweli? Kuna aliyekifanya hapa Nairobi?

#2 MsemaUkweli47
Pole dada. Hiyo ni biashara. Wanajua mtu mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kusema hapana. Weka pesa yako, mpeleke ushago akakae na nyanya yake miezi miwili, alale, ale vizuri.

#3 Fundi_Kariobangi
Mimi napinga #2. Sayansi imefika mbali. Kila mtu ana jeni zake, na kipimo kinaonyesha dawa itakayomponya, kama ufunguo na kufuli. Ukilipa mara moja umemaliza kubahatisha. Kopa, dada.

#4 Mfamasia_Ngara
Nina miaka kumi na mmoja nyuma ya kaunta ya duka la dawa, niruhusuni niwasahihishe wote wawili. #2, kipimo si utapeli. #3, si ufunguo pia. Hakijui kama dawa itamwondolea mtu huzuni. Kinachoangaliwa hapo ni ini.

Fikirieni soko la Marikiti alfajiri. Lori la viazi linaingia, wabebaji wanashusha magunia. Wabebaji wakiwa wachache, magunia yanarundikana mlangoni hadi njia inaziba. Wakizidi, magunia yanatoweka kabla mwenye kibanda hajapata lake. Dawa ndiyo magunia, na wabebaji ni vimeng'enya vya ini. Kwa dawa za unyogovu, viwili ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa: CYP2D6 na CYP2C19. Jeni ulizorithi kwa baba na mama ndizo zinazoamua una wabebaji wa namna gani. Mwenye wachache, dozi ya kawaida inamlemea. Mwenye wengi, dozi ileile inapita tu.

Sitalopramu, kwa mfano, hupitia CYP2C19. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, imeagiza kwamba mtu ambaye CYP2C19 yake haifanyi kazi asizidishe miligramu 20 kwa siku, kwa kuwa ikirundikana inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Amitriptilini hupita kwa vyote viwili: CYP2C19 huigeuza kuwa nortriptilini, halafu CYP2D6 inamalizia. Sertralini hutegemea CYP2C19 na kingine kiitwacho CYP2B6.

Kwa hiyo dada, kule kushika ukuta kunaweza kuwa jeni. Kunaweza pia kuwa amitriptilini yenyewe, maana hata mwenye ini timamu hukaukwa mdomo nayo. Kati ya kuacha fluoksetini na kuanza amitriptilini zilipita siku ngapi?

#5 Msomaji_Kimya
Huwa nasoma tu, leo naandika. Mimi nilipewa amitriptilini, miligramu 25, kidonge kidogo kuliko punje ya hindi. Nilimeza saa tatu usiku. Asubuhi nilipanda matatu pale Donholm kwenda mjini, nikashtuliwa na makanga akinigonga bega: gari lilikuwa limefika mjini, limegeuza, limerudi hadi mwisho wa njia, na mimi nimelala nimekumbatia pochi. Ulimi ulikuwa kama gunzi la mahindi. Nikaenda kazini saa tano, nikaandikiwa barua.

Nilidhani mimi ni dhaifu. Hakuna aliyenieleza kwamba ini linaweza kutofautiana na la jirani. Nilinyamaza, nikaacha dawa mwenyewe, nikaumwa mwaka mzima zaidi. Kwa hiyo hata kama kipimo hakiponyi, kuna thamani mtu kuambiwa "huigizi, mwili wako ndivyo ulivyo".

#6 Mwalimu_Kasarani
Asante #5 kwa kufungua kinywa.

Yaliyokupata yana historia. Katikati ya miaka ya 1970 huko London, mwanasayansi Robert Smith alimeza dawa ya presha iitwayo debrisokwini pamoja na wenzake maabarani. Wenzake hawakuona kitu. Yeye presha ilishuka, kichwa kikazunguka, hakuweza kusimama. Ufuatiliaji wa kisa hicho ndio uliowapeleka watafiti kwa kimeng'enya ambacho leo kinaitwa CYP2D6.

Sasa tuje kwa swali la dada: je, waliopimwa hupona zaidi? Majaribio mawili makubwa yanafaa kujulikana, yote ya Marekani. La kwanza, GUIDED, lilitoka 2019 na wagonjwa 1,167. Baada ya wiki nane, dalili zilipungua kwa asilimia 27.2 kwa waliotibiwa kwa kufuata kipimo, na asilimia 24.4 kwa waliotibiwa kawaida. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba kitakwimu haihesabiki. Ila ukitazama waliopona kabisa, ni asilimia 15.3 dhidi ya 10.1, na hiyo ilihesabika. Iliyolipia jaribio ni kampuni inayouza kipimo.

La pili, PRIME Care, lilitoka 2022, maaskari wastaafu 1,944. Madaktari waliokuwa na majibu ya jeni waliepuka zaidi dawa zinazogongana na jeni za mgonjwa: asilimia 59 ya wagonjwa wao walipata dawa isiyo na mgongano wowote na jeni zao, upande wa pili ni 26. Lakini kwenye kupona, tofauti kwa jumla ilikuwa karibu asilimia 3, na kufika wiki ya 24 haikuonekana tena kwa uhakika.

Kipimo kiliwabadilisha madaktari pakubwa. Wagonjwa kiliwabadilisha kidogo.

#7 Fundi_Kariobangi
Mwalimu, nakubali kusahihishwa kuhusu ufunguo. Lakini 15 dhidi ya 10! Katika kila watu mia, watano zaidi wamepona. Kama mmoja wa hao watano ni ndugu yako, hutaita hiyo ndogo.

#8 Mwalimu_Kasarani
Hapo huna wa kukupinga. Ila ona pia kwamba 85 kati ya mia hawakufikia kupona kabisa ndani ya wiki nane hata wakipimwa. Dada asije akadhani jedwali likirudi kijani basi kazi imekwisha.

#9 MsemaUkweli47
Na hao wote ni watu wa Marekani. Jeni za Nairobi nani alizipima?

#10 Mfamasia_Ngara
#9, leo umeuliza swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Jeni ya CYP2D6 ina sura nyingi, na kila sura hupewa namba ya nyota. Wazungu wasio na kimeng'enya hiki mara nyingi hubeba ile inayoitwa nyota 4. Kwetu Afrika hiyo ni haba. Kwetu zimejaa nyota 17 na nyota 29: kimeng'enya kipo, lakini kinafanya kazi polepole. Nyota 17 ilielezwa mwaka 1996 kutoka kwa watu wa Zimbabwe, na aliyeongoza kazi hiyo ni Mzimbabwe, Collen Masimirembwa, ambaye baadaye alianzisha taasisi ya utafiti Harare. Mwaka huohuo Eleni Aklillu na wenzake walionyesha kwamba karibu asilimia 29 ya Waethiopia waliowapima walikuwa na nakala za ziada za jeni hiyo. Wabebaji wamejaa lango zima.

Hatari yake ni hii. Maabara hutafuta tu zile sura ilizoorodhesha. Kama kwenye orodha yake hakuna nyota 17 wala 29, mwenye nazo ataandikiwa "kawaida". Dada, kabla hujalipa shilingi moja, waombe orodha ya sura wanazotafuta kwenye CYP2D6, CYP2C19 na CYP2B6. Wakikosa kukupa, hilo nalo ni jibu.

#11 Bi_Salma_Eastleigh
Assalam aleikum. Mwanangu wa Umoja, kijana anatafuna? Miraa au muguka?

Nauliza kwa sababu ya mpwa wangu hapa Section Two. Alikuwa na dawa za huzuni na mchana kutwa shavu limejaa. Moyo ulimwenda mbio mpaka tukamkimbiza hospitali usiku. Daktari alimuuliza kila kitu isipokuwa hilo, na shavu lilikuwa bado kijani mbele yake.

#12 Mfamasia_Ngara
Waaleikum salaam, Bi Salma. Umegusa palepale. Watafiti walifanya jaribio na watu wa kujitolea nchini Ethiopia: mtu anapotafuna miraa, kazi ya CYP2D6 inapungua. Na muguka ni mmea uleule. Jeni inaweza kusema "kawaida" na ini likafanya kazi kama la mtu wa polepole.

Huyohuyo Aklillu, mwaka 2002, alilinganisha Waethiopia waishio kwao na Waethiopia waishio Sweden. Kwa jeni zilezile, walioko nyumbani CYP2D6 yao ilifanya kazi polepole zaidi. Kuna kitu kwenye mazingira, pengine chakula. Kipimo cha mate hakionyeshi hicho.

#13 Kocha_Jerusalem
Mimi si mtu wa dawa, ni kocha wa vijana. Nimesoma mpaka hapa nasikia ini, ini, ini. Huyu kijana ana kazi? Ana mchumba? Machi mwaka jana kulitokea nini? Nina vijana wanne kwenye timu waliozama namna hii, na kila mmoja nilipokaa naye kwenye benchi baada ya mazoezi, kulikuwa na jambo. Mmoja alifutwa kazi ya godauni. Mmoja alizika mamake na harambee ikabaki na deni. Hao hawakuwa na tatizo la wabebaji.

#14 Msomaji_Kimya
Kocha, nakuheshimu, lakini mimi sikufutwa kazi wala sikufiwa. Nilikuwa na kila kitu na bado asubuhi sikuweza kuvaa viatu. Nilikaa kitandani nimeshika kiatu kimoja mpaka saa nne.

#15 Mpwani_Jijini
Jamani, huu ugonjwa mnauita unyogovu. Jirani zetu Tanzania wanauita sonona. Kwetu Mombasa, bibi yangu alisema tu "moyo umemkaa vibaya". Nikiwa Nairobi nasikia "stresi" kwa kila kitu, kuanzia foleni ya Jogoo Road hadi mtu asiyekula wiki nzima. Nadhani ndiyo maana watu huchelewa kwenda hospitali.

#16 Kocha_Jerusalem
Sonona ni neno zuri. Linasikika kama jambo lenyewe.

#17 Muuguzi_Usiku
Nimetoka zamu sasa hivi. Turudi kwa mgonjwa, kuna sentensi kwenye #1 ambayo wote mmeiruka. "Akawa halali, anazunguka usiku kucha, anazungumza bila kituo." Hiyo ilitokea wiki ya pili ya fluoksetini.

Inaweza kuwa dawa imerundikana. Inaweza pia kuwa kijana hana unyogovu wa kawaida, ana ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka (bipolar), na dawa ya unyogovu peke yake ikampandisha. Mtu wa namna hiyo matibabu yake ni mengine kabisa, na hakuna jedwali la rangi litakaloliona hilo. DadaMkubwa, siku zile alikuwa amechoka na kulia, au alikuwa na nguvu, anapanga mambo makubwa, anatumia pesa? Kuna mtu kwenu, mjomba au shangazi, aliyewahi kuwa hivyo?

Na swali la pili, nijibu hata faraghani: amewahi kusema anataka kufa?

#18 Ruaka_Kwetu
Muuguzi, hilo la mwisho asilijibu hapa. Kujaribu kujiua ni kosa la jinai Kenya, mtu anaweza kushtakiwa.

#19 Mwalimu_Kasarani
#18, lilikuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume cha katiba. Tafadhali tusiwatishe watu kunyamaza. Ni hofu hiyohiyo iliyowafanya wengi wasifike hospitali ya akili ya Mathari wala kwingine.

#20 DadaMkubwa_Umoja
Nimesoma yote, asanteni sana. Naandika kwa simu, mnivumilie.

Muuguzi: alisema mara moja, Novemba. Tangu siku hiyo dawa nazifungia kabatini, nampa ya siku hiyo tu, na halali peke yake chumbani. Siku za fluoksetini hakuwa na furaha. Alikuwa kama mtu anayewashwa ndani ya mifupa, hawezi kukaa, analia huku anatembea. Pesa hakutumia kwa kuwa hana. Lakini baba mdogo wetu aliwahi kuuza ng'ombe wote wa babu kwa siku moja ili afungue kampuni ya mabasi, kisha akakaa mwaka mzima bila kutoka nje. Sikuwahi kuunganisha mambo haya mawili mpaka leo.

Mfamasia: ziliachana siku nane.

Bi Salma: muguka alitafuna na wenzake mwaka jana wote. Sasa hana pesa ya kutafuna.

Kocha: Machi mwaka jana walifungiwa karakana walipokuwa wanachomelea mageti, mwenye kiwanja aliuza. Umeona mbali.

Na kuna jambo ambalo hatukumwambia yule daktari. Desemba alipatikana na kifua kikuu. Anachukua dawa kwenye kliniki nyingine, ya serikali, amebakisha wiki tatu amalize miezi sita. Mama alisema tusimwambie mtu, watu watamkimbia.

#21 Mfamasia_Ngara
Dada! Katika dawa hizo kuna rifampisini. Mkojo wake si ulikuwa wa rangi ya machungwa?

Rifampisini huliamsha ini. Inaongeza wabebaji karibu kila lango, CYP2B6 na CYP2C19 zikiwemo, zilezile zinazobeba sertralini. Februari alipoanza sertralini, rifampisini ilikuwa tayari imejaza wabebaji. Inawezekana kabisa kwamba dawa inaingia na kutolewa kabla ya kufanya kazi. Ndiyo ile "kama anakunywa maji".

Sasa sikiliza kwa makini. Akimaliza dawa za kifua, ini litarudi taratibu katika hali yake ndani ya wiki mbili hivi. Ile dozi iliyopandishwa mara mbili itakuwa inakutana na wabebaji wachache zaidi, na inaweza kumzidi. Daktari lazima ajue tarehe ya kidonge cha mwisho. Msipunguze wala kuacha chochote wenyewe: sertralini ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu na mishtuko kichwani, na kifua kikuu kisipomalizwa huweza kurudi, tena na usugu.

Na zile siku nane. Fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kuachwa, na yenyewe huifunga CYP2D6. Alipoanza amitriptilini, mlango mmoja ulikuwa bado umefungwa. Kushika ukuta kunaelezeka hapo bila jeni yoyote.

#22 Fundi_Kariobangi
Nimesoma #21 nimesimama. Kwa hiyo alikuwa anapimwa dawa juu ya dawa.

#23 Muuguzi_Usiku
Mfamasia, naafiki la rifampisini, lakini usifunge kesi. Kifua kikuu ni cha Desemba. Mkasa wa fluoksetini ni wa mwaka jana kati, rifampisini haimo. Kule kuwashwa ndani ya mifupa kunaweza kuwa athari inayojulikana ya dawa hizi, mtu kushindwa kutulia. Kunaweza kuwa CYP2D6 ya polepole, maana fluoksetini inapita hapo pia. Na huyo baba mdogo wa mabasi simsahau. Kipimo kingeweza kujibu moja tu kati ya hayo matatu.

Halafu kifua kikuu chenyewe. Mtu anayekonda na kutoka jasho usiku, hana hamu ya kula, hana nguvu, ataonekana kama ana unyogovu. Kilianza lini hasa? Desemba ndipo kilipoonekana, hatujui kilipoanza.

#24 NjiaPanda
Naongeza kisa. Mimi ninaishi na virusi tangu 2012, silifichi. Zamani tulipewa efavirenzi. Wenzangu walikuwa wanaota ndoto za kutisha, kichwa kizito, wengine huzuni nzito mpaka wakaacha dawa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Baadaye nilielezwa kwamba efavirenzi hupitia CYP2B6, na kwamba sura ya polepole ya jeni hiyo ni ya kawaida sana kwetu Waafrika. Hakuna aliyetupima. Tulihamishiwa dolutegraviri na ndoto zikaisha. Nauliza tu: kama jeni hii ni ya kawaida hivyo, kwa nini dozi iliwekwa kwanza kwa kutazama miili ya wengine? Mimi ningetaka tupimwe sisi, wengi, na serikali ilipie, badala ya dada mmoja wa Umoja kukopa kwenye chama.

#25 Mwalimu_Kasarani
NjiaPanda, natamani #24 isomwe na wizara.

Kuhusu kifua kikuu, kuna jambo la kushangaza. Dawa ya kwanza kabisa iliyotambulika kupambana na unyogovu ilitoka wodi ya kifua kikuu. Mwaka 1952, hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua waliopewa iproniazidi walichangamka, wakawa wanacheza dansi wodini. Ni ndugu wa isoniazidi, ambayo huyu kijana anaimeza sasa.

#26 Mpwani_Jijini
Wodi ya kifua kikuu watu wanacheza dansi. Hilo nitamsimulia bibi.

#27 Ruaka_Kwetu
Asante Mwalimu kwa #19, sikujua. Nina wasiwasi mwingine. Mate yakienda ng'ambo, nani anabaki na jeni zake? Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na taarifa za jeni zimo kwenye zile nyeti. Uliza kwenye fomu ya idhini: sampuli itatupwa lini, matokeo yatauzwa kwa watafiti? Jeni za kijana ni nusu za mama yake. Ni zako pia, dada.

#28 MsemaUkweli47
Nilisema biashara, sasa nimejifunza. Lakini bado nashikilia: pesa ya chama isitoke mwezi huu. Mambo matatu ya bure hayajafanywa. Daktari wa akili hajui kuhusu kifua. Hajui kuhusu baba mdogo. Hajui kuhusu muguka. Mpe hayo kwanza.

#29 Msomaji_Kimya
Ya bure kwa nani? Mimi nilipoteza mwaka mzima nikingoja "kwanza". Kipimo cha jeni hufanywa mara moja na majibu hayabadiliki maisha yote. Kesho akihitaji kodeini ya maumivu, au dawa ya moyo akiwa mzee, jedwali lipo. Ningekuwa na uwezo ningempima leo, na hayo matatu nikayasema leo hiihii.

#30 Mfamasia_Ngara
#29, kweli kuhusu kudumu, mradi maabara imetafuta sura zetu. Na tahadhari moja: majedwali mengi huongeza jeni ambazo si za vimeng'enya vya ini, kama SLC6A4 na HTR2A, zinazohusu serotonini, kemikali ya ubongo. Mwongozo wa 2023 wa CPIC, kundi la wataalamu wa jeni na dawa, uliziangalia na kusema ushahidi hautoshi kuzitumia kuchagua dawa. Kama rangi nyekundu imetokana na hizo, usiitupe dawa nzuri kwa sababu yake.

#31 DadaMkubwa_Umoja
Nimezungumza na mama jana usiku. Alikasirika, kisha akalia, kisha akaleta mwenyewe ile kadi ya kliniki ya kifua kutoka chini ya godoro. Jumanne tunaenda kwa daktari sisi watatu. Nimeweka pakiti zote kwenye mfuko mmoja, hata zile tupu, na kwenye daftari nimeandika kila dawa ilianza lini na iliisha lini. Kidonge cha mwisho cha kifua nimekizungushia wino mwekundu. Nimeandika pia jina la baba mdogo.

La kipimo sijaamua. Nimewaandikia kliniki niombe orodha ya sura. Wamenijibu kwamba watauliza.

#32 Kocha_Jerusalem
Mwambie kijana Jumamosi saa nane tuko uwanjani. Nina geti la chumba cha vifaa limekatika bawaba, namhitaji fundi wa kuchomelea. Nitamlipa.

#33 Bi_Salma_Eastleigh
Inshallah Jumanne iwe nyepesi. Usisahau maji, hizo foleni ni ndefu.

#34 Muuguzi_Usiku
Jumanne uliza na hili: kama wiki mbili baada ya rifampisini sertralini ileile itaanza kufanya kazi, watajuaje kama ni sertralini, au ni kifua kimepona, au ni geti la Kocha?